Kamba ya Nyumba Yetu

Bega lake la kulia lilikuwa chini ya lile la kushoto kwa upana wa vidole vitatu. Hata akikaa, hata akiwa kanisani ndani ya koti lake la pekee, ungedhani kuna kitu kisichoonekana kimemlalia upande huo. Sisi watoto tulimwigiza njiani, tukienda upande upande kama mbuzi mwenye jeraha. Akituona alicheka, kisha akauliza: "Na mugonjwa iko wapi? Munabeba nani?" Kwake yeye, mtu hakuwa na sababu ya kuinamisha bega bure.

Kilima kizima kilimwita Papa wa Ngobi. Ngobi ni machela: miti miwili ya mianzi na kitanda cha kamba kilichosukwa katikati yake, ya kumteremshia mgonjwa kutoka kwetu juu, Masisi, mpaka dispanseri ya Leta kule bondeni. Leta ndiyo serikali. Hatukuwa na jina lingine la kuiita. Wakati wa kiangazi ilikuwa safari ya nusu siku. Wakati wa mvua hakuna aliyethubutu kusema ni ya muda gani. Ngobi ilining'inia chini ya paa lake, kando ya mlango, na kuanzia mwaka niliotimiza miaka kumi na mbili sikumbuki siku hata moja niliyopita pale bila kuinua macho. Wengine walitazama mawingu wapate kujua siku itakuwaje. Mimi nilitazama kama ngobi ipo.

Alikuwa mtu wa kuhakikisha. Kila asubuhi alipitisha vidole juu ya kamba zote, moja moja, akizivuta na kuziachia, na zililia kila moja kwa sauti yake. Siku ya soko alimkamata katekista, mtu mnene kuliko wote pale kwetu, na kumlaza ndani yake.

"Kuya, Papa Katekista. Lala."

"Leo tena? Juma lililopita nililala!"

"Juma lililopita ulikuwa hujakula maharage ya harusi. Lala tuone."

Katekista alilala, mikono kifuani, na watu wakasimama kumtazama. Wanawake walimwambia asali sala yake ya mwisho, naye akawajibu kwamba atawazika wao kwanza. Papa wa Ngobi hakucheka wakati huo. Aliinama chini ya kitanda, akasikiliza.

Kubeba kulikuwa na sheria zake, na yeye ndiye aliyekuwa kitabu chake. Wanne wanabeba, wanne wanafuata nyuma wakisubiri zamu. Mkipanda, kichwa cha mgonjwa kinatangulia, mkishuka, miguu. Jina la mgonjwa halitajwi mpaka mto uvukwe. Hakuna anayekula kabla mgonjwa hajaonja maji. Na njia nzima yeye alizungumza na mgonjwa, hata asipojibiwa: habari za mbuzi aliyekula mbegu za jirani, za kuku aliyetagia ndani ya kofia, za mvulana aliyetumwa posa akasahau njiani alichotumwa. Nilimsikia akimweleza kijana mmoja: "Muntu akisikia habari ya mbuzi, anajua kama angali iko hapa na sisi. Ukimwambia habari ya mbingu, ataenda kuiangalia."

Mtu huyu aliyewateremsha wagonjwa wa kilima chote mpaka kwenye sindano, mwenyewe aliiogopa sindano kuliko chui. Leta ilikuwa na desturi ya kutupanga mstari mara kwa mara, wakubwa kwa wadogo, tuchomwe na karatasi zetu zipigwe muhuri, na asiyekuwa na muhuri alijua kitakachompata. Siku moja ya sindano Papa wa Ngobi alipotea. Enfirmie, yaani muuguzi wa Leta, kijana mwenye miwani na kaptula iliyopigwa pasi, alimkuta nyuma ya ghala la maharage la mkewe, amejifunika kirago.

"Papa, sindano inakutafuta."

"Uiambie umenikosa."

"Leta haikosi muntu."

Akatoka. Akafumba macho, akanyoosha mkono, na kwa sauti ndogo akasema: "Basi uniambie habari ya mbuzi." Na enfirmie, huku akichoma, akamwambia habari ya mbuzi.

Wale wawili walipendana kwa kugombana. Kila walipokutana waliendeleza mabishano yale yale, mmoja ameshika chupa, mwingine ameshika mti wa mwanzi, nasi tukiwazunguka.

"Papa, kwa dispanseri hatuulizi muntu iko wa chama gani," enfirmie alisema. "Kila muntu anatibiwa. Bure. Njo Leta hiyo."

"Ni vizuri. Na dawa yako iko na miguu?"

"Dawa haina miguu."

"Sasa itapanda kilima namna gani?"

"Kapita wa Leta ataamuru batu babebe. Kila muntu, hata nani."

"Ataamuru! Muntu wa kuamriwa anabeba na mikono tu. Pale kwenye utelezi atakuangusha, enfirmie, na atasema ni mvua."

"Na yule hayuko kwa chama chenu? Afie kwa nyumba?"

Hapo Papa wa Ngobi alinyamaza kila mara. Alitazama mkono wake kama aliyechomwa tena. Lilikuwa swali la kweli, na kilima kizima kilijua lilikokuwa limelala.

Ni lazima nieleze habari ya kamba, kwa kuwa humo ndimo hofu yangu ilimoota.

Chama cha ngobi hakikuwa na daftari wala karatasi. Kilikuwa na kamba. Kila nyumba ilileta kamba moja ya mti utambaao, uliokatwa na mwanamume wa nyumba hiyo kwa mkono wake, na Papa wa Ngobi alizisuka zote pamoja. Nyumba yenye kamba yake ndani ya kitanda ilitoa bega kila ngobi ilipotoka, na ilibebwa siku yake ilipofika. Nyumba isiyo na kamba haikutoa bega, wala haikubebwa. Na kitanda kilifunguliwa kwa sababu moja tu: mtu akifia ndani yake. Ngobi iliyobeba kifo hairudi kubeba uhai. Inafunguliwa kamba zote, zinachomwa, na kila nyumba inaleta kamba mpya. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kusuka, siku pekee ya kuingia au kutoka.

Sisi wanawake hatukuwapo siku ya kusuka. Tulisikia vicheko vya wanaume kutoka mbali na kupika.

Mtaona sasa ubaya wake. Aliyetoka na kutaka kurudi alipaswa kumngojea maiti.

Baba yangu alitoka. Alikuwa mtu mwenye nguvu na mwenye haraka, na katika mavuno ya mwaka mmoja ngobi ilitoka mara tatu, naye alibeba mara tatu, mpaka maharage yetu yakapasukia shambani. Mara ya tatu alimbeba mzee aliyekuwa na homa ndogo, aliyefika chini amepona na kurudi kwa miguu yake akiimba. Baba alikwenda moja kwa moja kwa Papa wa Ngobi, na mimi nilikuwa nyuma yake na mtungi.

"Kamba yangu utaitoa."

"Itatoka siku ya kusuka."

"Mi nimetoka leo. Bega ni yangu, nguvu ni yangu. Nachagua mwenyewe."

"Ni yako," Papa wa Ngobi alisema. "Hakuna muntu anakukatalia."

"Naenda Walikale. Kampuni ya mawe iko na hospitali yake. Kitanda cha chuma, shuka nyeupe, dokta muzungu. Unasaini kontra, basi: weye, muke, batoto. Hakuna kubeba babibi ya batu."

"Muke na batoto, wakiwa wapi? Huko ao hapa?"

Baba aliondoka. Alifikiri ni maneno ya mtu aliyeshindwa.

Siku ya kusuka ilipofika, baada ya msiba wa mwanamke wa upande wa juu, Baba alikuwa tayari Walikale. Kitanda kipya kilipotundikwa ukutani niliona katikati yake nafasi, upana wa kamba moja, hapo ilipokuwa yetu. Kamba nyingine hazikusogezwa kuijaza. Nilipita pale kila siku kwenda kisimani na sikupata kujua kama nafasi ile ni mlango au ni kidonda.

Miezi michache baadaye kifua cha Mama kilianza.

Kilimjia bila kubisha, hasa ukungu ulipolala juu ya kilima. Alikaa wima, mikono kwenye magoti, akivuta hewa kana kwamba anaivuta kutoka ndani ya chupa yenye shingo nyembamba. Kisha kilimwachia, akaamka, akalima. Tulimwandikia Baba kwa mkono wa katekista. Jibu lilikuja na dereva wa lori: kontra, yaani mkataba wake wa kazi, inamtibu mke anayekaa kambini kwa kampuni. Mama aje. Mama alisikiliza barua ikisomwa mara mbili. Alisema hataacha shamba lake kwenda kulala katika nyumba yenye namba mlangoni, wala hataacha kaburi la mtoto wake wa kwanza lililokuwa nyuma ya jiko letu. "Baba yenu alichagua," alisema. "Na mi nachagua."

Kwa hiyo tulikuwa watu huru kabisa. Dispanseri ya Leta ilikuwa tayari kumtibu Mama bure, bondeni. Hospitali ya kampuni ilikuwa tayari kumtibu, Walikale. Na sisi tulikuwa juu ya kilima, bila kamba.

Nilikwenda kwa Papa wa Ngobi kumwomba. Alinipa kiti, alinipa mahindi ya kuchoma, aliniuliza kifua kikoje, kinamkamata saa ngapi, midomo inageuka rangi au haigeuki. Alisikiliza kama alivyosikiliza chini ya katekista. Kisha akasema: "Siku ya kusuka mutaleta kamba. Mujomba wako ataikata. Nitaiweka pale pale."

"Ni lini, Papa?"

Tulitazamana, na wote wawili tuliona aibu, maana wote wawili tulikuwa tumeanza kuhesabu wazee.

Mwaka ule hakuna aliyekufa ndani ya ngobi. Ilitoka, ikarudi, wagonjwa wakapona. Kilima kikamsifu Papa wa Ngobi na enfirmie wake, na mimi kanisani nilipiga magoti nikiogopa kufungua mdomo, nisije nikaomba nilichokuwa nakitaka. Bibi mmoja wa jirani alipokohoa, moyo wangu uliruka, na haukuruka kwa huruma. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nimeandika mengi tangu wakati huo, lakini jambo hilo sijawahi kuliandika.

Mngeweza kuuliza kwa nini Papa wa Ngobi hakuivunja sheria. Jibu ni fundi wa majembe.

Huyu alikuwa mhunzi aliyeishi peke yake karibu na mianzi, mtu wa kiburi na mikono mizuri. Alikataa kuleta kamba miaka yote. Alisema chuma hakiugui. Siku moja tumbo lilimfunga. Ndugu yake mdogo, ambaye alikuwa mbebaji mzuri na mwenye kamba, alikuja mbio kwa Papa wa Ngobi. Wanaume walikaa wakashauriana. Wakisema leo ndiyo, kesho nani ataleta kamba? Nani ataacha mavuno yake? Walishauriana mpaka jua likapinda, na walipokwenda kumwona tu, wamwone, walimkuta ameketi mlangoni kwake amekufa, na kofia kichwani.

Papa wa Ngobi alichimba kaburi lile peke yake. Alikataa msaada wa mtu yeyote. Alichimba siku nzima, refu kuliko inavyohitajika, na bega lake la chini likazidi kwenda chini. Tangu hapo kila enfirmie alipouliza lile swali, ninyi mnajua kwa nini alinyamaza. Na tangu hapo, mbele ya ndugu yule, hakuweza kumpa mtu mwingine kile alichomnyima marehemu.

Sasa ile siku.

Mvua ilikuwa imeshinda siku mbili. Asubuhi ya tatu Mama alikaa wima na hakuweza kusema hata jina langu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Nilikimbia. Papa wa Ngobi aliniona usoni, akachukua baragumu, akapuliza. Wanaume wakatoka katika mashamba, matope mpaka magotini. Walimleta Mama juu ya kirago mpaka kwenye ua wa Papa wa Ngobi na kumweka chini ya paa, na hapo wote wakasimama. Ngobi ilikuwa imeshushwa. Nafasi yetu ilionekana katikati yake kama jino lililong'oka.

Ndugu wa mhunzi ndiye aliyesema. Hakusema kwa ukali.

"Papa, nyumba hii iko na kamba?"

"Haina."

"Ndugu yangu hakuwa nayo. Tulimuacha kwa mlango. Leo tunabeba kwa nini?"

Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Nilisikia pumzi ya Mama, na kati ya pumzi moja na nyingine nilisikia maji yakidondoka kutoka majani ya paa.

Kapita, msimamizi wa Leta kilimani kwetu, akafika, amejifunika jani la mgomba. "Beba! Ni amri ya Leta. Muntu anakataa, naandika jina yake. Weye mbele, Papa."

"Kwa amri, hapana."

"Utafungwa!"

"Nifungwe. Nikibeba kwa amri leo, kesho ngobi ni yako, na weye huna bega."

Nilimchukia. Nataka hilo lijulikane. Nilimchukia pale, yeye na uso wake mzuri. Kisha aligeuka kwangu akasema kwa haraka, kama mtu anayetupa kitu mtoni:

"Binti, leta kamba. Kamba ya nyumba yenu. Kimbia!"

Sheria ilisema mwanamume. Sheria ilisema siku ya kusuka. Sikufikiri. Nilikimbia mpaka jikoni kwetu, nikaona kamba imefunga furushi la maharage, nikaifungua kwa meno na kurudi nayo. Niliinyoosha mbele yake kwa mikono miwili.

Wanaume walirudi nyuma wote kwa mara moja, kama moto umewarukia.

Ilikuwa kamba ya ganda la mgomba. Sisi wanawake tulifungia nayo kila kitu: kuni, maharage, majani. Sikujua kwamba wanaume hawairuhusu kamwe kukaribia ngobi, kwa kuwa ndiyo kamba ya kumfungia maiti katika kirago chake. Na katika haraka yangu, ncha yake ilikuwa imeangukia juu ya kitanda, mahali pa kifua.

"Mutoto ameleta ya maiti!" mtu alisema. "Amemfunga mama yake!"

Papa wa Ngobi aliitazama kamba. Alimtazama Mama. Sijui ni muda gani. Kwangu mimi bado anatazama. Kisha akaiokota, akaiweka vizuri juu ya kitanda chote, kutoka kichwani mpaka miguuni, kila mtu aone, na sauti yake ikawa ile ya kutangaza.

"Mumeona? Kamba ya maiti imelala ndani ya ngobi. Ngobi imebeba kifo. Ni kweli ao si kweli?"

Katekista ndiye aliyesema, polepole: "Ni kweli."

"Ngobi ikibeba kifo, tunafanya nini?"

"Tunasuka."

"Basi leo njo siku ya kusuka. Nani analeta kamba kwa nyumba hii? Bwana yake hayuko."

Mjomba wangu alikuwa upande wa pili wa mto. Hakuna aliyesogea. Papa wa Ngobi hakumtazama ndugu wa mhunzi. Alitazama chini tu, akingoja, na Mama alikuwa akivuta hewa isiyokuja. Ndugu wa mhunzi alitema mate pembeni. Akaenda kwenye ua wa nyuma, akakata mti utambaao kwa pigo moja, akaumenya kwa panga na kuutupa juu ya kitanda.

"Si kwa ajili ya bwana yake," alisema.

"Hakuna muntu anakuuliza ni kwa ajili ya nani," Papa wa Ngobi alijibu, na tayari vidole vyake vilikuwa vinaupitisha ndani ya nafasi ile, juu, chini, juu, chini. Kamba moja ile ilitosha. Zile za zamani wangezichoma jioni na kusuka mpya. Wakambeba. Ndugu wa mhunzi alishika mti wa mbele, upande wa kulia. Njia nzima, kwenye utelezi, kwenye mawe, nilimsikia Papa wa Ngobi akimweleza Mama habari za mbuzi, na sauti yake ilikuwa ikikatika. Tulipofika mtoni aliniambia niitupe ile kamba ya mgomba majini nisitazame inakokwenda. Niliitupa. Nilitazama.

Enfirmie alimchoma Mama sindano mkononi, na baada ya muda kifua kikaanza kushuka na kupanda kama kifua cha mtu. Kisha kijana yule akavua miwani, akatugeukia.

"Munachelewa kwa nini? Kidogo tena na ningeandika amekufa. Mulikuwa munafanya nini?"

"Tulikuwa tunasuka," Papa wa Ngobi alisema.

Enfirmie alidhani anadhihakiwa.

Baada ya mwaka ule Leta ilituletea machela yake, ya turubai, yenye miguu ya chuma, ikakaa kwa kapita. Kila mtu alibebwa: mjane, mgeni, mchuuzi wa chumvi aliyepita njia akaanguka. Nilimwona mtoto wa watu tusiowajua akiteremshwa na kurudishwa hai, wala hakuna aliyeuliza kamba ya nyumba yake. Nilifurahi, na bado nafurahi. Niliona pia asubuhi ambayo kapita alikuwa amesafiri, na mgonjwa alilala juu ya turubai mpaka saa sita, huku wanaume wakijificha katika mashamba ya mahindi. Papa wa Ngobi alikuja akiitwa na asipoitwa. Aliweka bega lake chini ya chuma cha Leta kama walivyoweka wengine. Ngobi yake ilibaki chini ya paa, na kwa kuwa hakuna aliyefia tena ndani yake, haikufunguliwa tena, na kamba zikaoza pale pale.

Kontra ya Baba ilikwisha baada ya mkono wake kusagwa na jiwe. Walimtibu vizuri mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa, na kitanda cha chuma kikaisha siku hiyo hiyo. Alirudi nyumbani. Mama angali hai. Ukungu ukilala anakaa wima, na sisi tunakaa naye.

Mwaka jana nilipata kiti katika lori lililokuwa linakwenda Walikale, na nikashuka Kibua kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba Papa wa Ngobi yuko huko kwa binti yake aliyeolewa na mtu wa msituni. Nilimkuta ameketi nje, juu ya gogo. Sikumtambua mara moja, na nilipojua kwa nini, niliogopa: mabega yake yalikuwa sawa. Uzito ulikuwa umemwondoka. Miguu yake ndiyo iliyokuwa imevimba, ngozi inang'aa.

"Binti wa kifua," alisema. "Mama anapumua?"

"Anapumua, Papa. Na weye, miguu?"

"Iko kama unaona. Dispanseri iko kwa barabara kubwa. Ni mbali kwa muntu wa miguu kama hii. Huku banabeba muntu kwa mugongo, na mukanda wa gome unapita kwa paji ya uso. Mi niko muzito kwa kitu kama ile."

"Mkwe wako aombe watu."

"Aombe nini? Sijabeba muntu hata mumoja huku. Nitaomba na bega gani?"

Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na miti miwili, si ya mianzi, mti fulani wa huko. Kati yake alikuwa amefunga kamba moja. Moja tu, imekazwa vizuri. Aliona ninaitazama.

"Ni yangu," alisema. "Banakuya kuiangalia. Banacheka. Banauliza kama ni ya kuanikia nguo."

Nilikaa. Nilikuwa nimebeba swali langu miaka mingi, na nilikuwa nimejiahidi kwamba sitaliuliza.

"Papa. Siku ile. Nisingerudi na kamba, ungembeba Mama?"

Alipitisha kidole juu ya kamba yake, akaivuta, akaiachia. Ililia peke yake.

"Sijui, mutoto yangu."

Akaivuta kamba tena.

"Sijui. Nilikuwa naangalia njia tu. Nilikuwa nasema kwa roho: mutoto yule akimbie. Akimbie."

Binti yake alituletea ndizi, na hatukula, maana yeye hakuanza, na mimi nilikumbuka kwamba mgonjwa anaonja kwanza. Nilimpa maji. Akanywa. Ndipo tukala. Lori langu lingeondoka alasiri, na wingu lilikuwa linajikusanya juu ya miti. Kutoka uani hapo nilihesabu milango kumi na mmoja, na katika milango hiyo sikuwa najulikana hata mmoja.

Nilimwomba mkwe wake panga. Nilifika ukingo wa msitu, nikasimama, nikarudi.

"Papa, mara hii uniambie mbele. Kamba ni ya mti gani?"

Alinitazama, na bega lake la kulia likashuka kidogo.

"Si mugomba," alisema.